Mathenge: Mti tulioupokea Bamburi, leo umeziba mito ya Turkana

Ukimuuliza mtu wa Mombasa, Malindi au Watamu ni kiumbe gani aliyetoka ng'ambo akatuharibia mji, hatafikiri mara mbili. Atasema kunguru. Ndege yule mweusi mwenye shingo ya kijivu amekula vifaranga vyetu, amevunja viota vya ndege wadogo, ameiba mahamri mezani mchana kweupe. Waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale taka za mji, wakaonekana Mombasa mwaka 1947, na ilipofika Juni 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja katika miji ya Pwani kabla ya mwaka kwisha. Habari hiyo iliandikwa hadi Ulaya na Marekani.

Huku Kakuma, ninakofundisha kwa mwaka wa tatu sasa, kuna mvamizi mwingine ambaye hapigi kelele na hakuna aliyemtangazia vita namna hiyo. Ni mti. Wakenya wengi huuita mathenge. Waturkana huuita etirae. Wataalamu huuita Prosopis juliflora. Asili yake ni Amerika ya Kati, visiwa vya Karibi na kaskazini mwa Amerika ya Kusini. Na kisa chake, ndugu zangu wa Pwani, kinatuhusu kuliko tunavyodhani, kwa sababu kumbukumbu za kwanza za mti huu kuingizwa Kenya zinataja Bamburi.

Ilikuwa mwaka 1973. Kiwanda cha saruji kilikuwa kimechimba matumbawe na kuacha mashimo makubwa ya mawe meupe yenye chumvi, pale ambapo leo watu huenda kutazama viboko na twiga Haller Park. Waliokuwa wakijaribu kulirudishia eneo lile uhai walijaribu miti ya kila aina. Mbegu za mathenge zililetwa kutoka Brazil na Hawaii. Mvinje ndio uliofanya kazi kubwa Bamburi, na sisi tunaujua na kuusifu. Mathenge tukausahau.

Sisemi kwamba mbegu zilizojaza Lodwar na Kakuma zilitoka Bamburi. Turkana ilipandiwa yake, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ninachosema ni kwamba kisa cha mti huu nchini kilianzia mlangoni petu, na kwa hiyo hatuwezi kukisoma kama habari ya watu wa mbali.

Ulivyofika Turkana

Ukame wa mwaka 1979 hadi 1981 uliwaacha Waturkana wengi bila mifugo. Mtu ambaye jana alikuwa na ngamia na mbuzi mia alijikuta amekaa kwenye foleni ya unga. Serikali na wafadhili, wakiwemo Wanorwe kupitia NORAD, wakaanzisha mradi wa kuirekebisha Turkana. Watu walilipwa chakula kwa kazi, na kazi mojawapo ilikuwa kupanda miti.

Kwa nini mathenge? Kwa sababu ukiusoma kwenye karatasi huna sababu ya kuukataa. Mvua ya Lodwar kwa mwaka mzima ni wastani wa milimita 200 hivi, wakati Mombasa hupata zaidi ya 1,000. Mti huu unaota kwenye mchanga mkavu, unaota kwenye chumvi, unatoa kuni, unatoa kivuli, unazuia upepo, na maganda yake ni matamu kwa mbuzi. Waliouleta hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wanatafuta jibu la njaa.

Lakini walileta mti peke yake, bila wadudu na magonjwa yanayoupunguza kwao. Kisha mwaka 1990 Kenya na Norway zikavunja uhusiano wa kibalozi, na Wanorwe wakafunga virago. Mti ulioletwa na mradi ukabaki bila mradi.

Unavyofanya kazi

Ningependa msomaji aelewe jinsi mti huu unavyoshinda, maana bila kuelewa hilo utadhani tatizo ni uvivu wa watu kukata.

Mbuzi hula ganda tamu. Mbegu ndani ina gamba gumu, haisagiki. Inapita tumboni, gamba linalainika, na inatoka imezungukwa na samadi. Yaani mbuzi ameisafirisha, ameiandaa na ameitilia mbolea. Anakokwenda mbuzi, mathenge unafuata: njiani, zizini, kisimani, ukingo wa mto. Mafuriko yanapokuja, maji hubeba mbegu zilizobaki na kuzimwaga chini zaidi.

Ukishaota, mzizi unashuka kutafuta maji. Kule Arizona, Marekani, wachimba migodi walikuta mzizi wa mti wa jamii hii mita 53 chini ya ardhi. Juu, majani yake yanayodondoka yanazuia mbegu nyingine kuota. Nimesimama mara nyingi chini ya mathenge uliokomaa kando ya laga ya Tarach: hakuna jani la nyasi. Na ukiukata kwa panga, umeusaidia. Palipokuwa na shina moja yanachipuka matano, na kile kilichokuwa mti kinakuwa kichaka cha miiba kisichopitika na mtu wala ng'ombe.

Miiba hiyo naijua vizuri. Mwaka jana ilinipenya kwenye ndala hadi nyayoni, nikachechemea wiki nzima. Fundi wa panchari karibu na soko la Kakuma aliniambia kwa kucheka kwamba yeye hana ugomvi na mathenge, kwani bodaboda zote za mji zinamlipa kodi kwa ajili ya mti huo.

Uliopotea ni upi

Pwani tunahesabu hasara ya kunguru kwa ndege wadogo ambao hatuwasikii tena. Hapa hasara ihesabiwe kwa mti mmoja kwanza: ewoi. Ni mgunga ule wenye kichwa bapa kama mwavuli, ambao kila picha ya mbuga za Afrika inao. Kando ya mto Turkwel, unaopita Lodwar ukielekea ziwani, ewoi ndio uliokuwa msitu. Kivuli chake hakiui nyasi. Maganda yake huanguka kiangazi, wakati hakuna kingine cha kulisha mifugo. Ndege hujenga humo, nyuki huvuna maua yake.

Na ewoi ulikuwa na mwenyewe. Waturkana wana utaratibu uitwao ekwar: kila familia ina sehemu yake ya ukingo wa mto, na miti ya hapo ni haki yake wakati wa kiangazi. Huwezi kuingiza mifugo yako kwenye ekwar ya mwingine bila ruhusa. Watu wanaosema wafugaji hawana sheria ya ardhi hawajawahi kuuliza.

Watafiti waliochunguza bonde la Turkwel wamekuta kwamba mahali mathenge ulipozidi, ewoi umepungua, na miche michanga ya ewoi ndiyo inayokosekana. Miti mikubwa ya zamani bado imesimama, lakini haina watoto. Msitu wa namna hiyo ukiupita kwa gari utauona mzima. Kumbe ni wazee watupu, na wakianguka nafasi yao inasubiriwa na mwingine.

Haki itendeke: mathenge haukufanya haya peke yake. Bwawa la Turkwel lilipokamilika mwaka 1991, mafuriko yaliyokuwa yakinywesha kingo za mto yalibadilika, na ewoi hutegemea mafuriko kupata kizazi kipya. Shoka nalo lilifanya kazi yake. Mathenge ulikuta nyumba iliyokwisha kubomolewa ukuta mmoja, ukaingia.

Pamoja na ewoi kuna miti mingine ambayo mtu wa Pwani ataitambua bila kufundishwa. Mkoma, ambao Waturkana huuita eng'ol, ndio unaowapa akina mama hapa majani ya kusukia vikapu, kama kwetu. Msuaki, ambao huitwa esekon, upo pia, na watu wanaswakia kama sisi. Inapozibwa kingo za mito, hiyo nayo inabanwa.

Kakuma na kuni

Lodwar ni mji wa serikali ya kaunti. Kakuma, kilomita 120 hivi kaskazini magharibi, una mambo yake. Kambi ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan. Leo, pamoja na makazi ya Kalobeyei yaliyofunguliwa mwaka 2016, wakimbizi ni zaidi ya 200,000. Wamo hata wa kwetu: kambi za Utange na Swaleh Nguru zilipofungwa miaka ya 1990, baadhi ya waliokuwamo, wakiwemo Wabajuni na watu wa Barawa, waliletwa huku.

Watu wote hao wanapika, na wengi wanapika kwa kuni na makaa. Hapa ndipo hesabu inapokuwa ngumu. Katika nchi kavu kama hii, miti ya asili pekee isingetosha. Mathenge ndio unaopikia Kakuma. Mgao wa chakula umepunguzwa, na kuna familia zinazouza sehemu ya chakula chao ili wapate kuni za kupikia kilichobaki. Kuni hizo kwa kawaida zinauzwa na wenyeji, na nyingi ni mathenge.

Mama mmoja Mturkana ninayenunua kwake makaa alinikalisha chini siku niliyomwambia kwamba naandika makala hii.

"Mwalimu, wewe unauita adui," akasema. "Adui gani anayenilipia karo?"

Nikamuuliza kuhusu ewoi. Akanyamaza kidogo.

"Ewoi ulikuwa wa baba mkwe wangu, pale mtoni. Tulikuwa tunahamia hapo kiangazi na mbuzi. Sasa hata njia ya kuingilia sioni. Nikitaka kufika kwenye mti wa mzee lazima nikodi vijana wakate. Wanakata, mwezi wa tatu imefunga tena." Akaniangalia. "Mbuzi wenyewe siku hizi ni sita. Ndiyo maana nachoma makaa."

Nililiwaza jibu lake siku nyingi. Mti ule ule uliomfungia njia ya kufikia mali yake ndio anaouza ili aishi bila mali hiyo. Anayesema "ukatwe wote kesho" hajui atakula nini. Na anayesema "basi ni baraka, uachwe" hajaona mbuzi sita pale palipokuwa na kundi.

Yaliyojaribiwa

Baringo walilalamika kabla yetu. Mwaka 2006 wakazi walifika mahakamani Nairobi wakiwa na mbuzi asiye na meno. Sukari ya maganda hukwama kwenye ufizi, meno yanaoza na kung'oka, mnyama anakufa kwa njaa akiwa amezungukwa na chakula. Nchi ilicheka picha za mbuzi kortini, lakini ujumbe ulifika. Mwaka 2008 serikali ilitangaza rasmi mathenge kuwa gugu hatari.

Tangazo hilo lina kasoro. Sheria ya magugu inamtaka mwenye shamba aliondoe. Sheria ya namna hiyo inamfaa mwenye ekari kumi zenye ua. Kingo za Turkwel na Tarach ni ardhi ya jamii, na aliyeupanda mti pale ni mradi wa serikali na wafadhili. Mfugaji ataondoaje kwa panga kile kilichopandwa kwa bajeti?

Ikaja fikra ya pili: tuutumie ili tuumalize. Marigat kulipangwa mtambo wa kuzalisha umeme kwa kuni za mathenge. Mradi ukakwama. Makaa yakaruhusiwa, kisha Februari 2018 serikali ikasimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, na biashara ya makaa ikayumba hadi zuio lilipoondolewa Julai 2023. Mwaka huu ukate, mwaka ujao ukikata unakamatwa. Mti wenyewe haukupumzika hata siku moja.

Mimi naona fikra ya kuutumia ina ukweli nusu. Kutumia kunaupunguza mti pale tu ambapo lengo ni kuutoa. Mchoma makaa anayetaka kuvuna tena mwakani ataacha kisiki kichipue, na hana kosa, ndivyo mkulima yeyote anavyofanya. Kuna na hatari ya pili: ukishakuwa makaa ndani ya gunia, nani atautofautisha mathenge na ewoi? Kibali cha kuchoma kibaya kinaweza kuwa pazia la kuchoma kizuri.

Kuna na suala la afya lisilozungumzwa sana. Mwaka 2017 watafiti waliofanya kazi katika vijiji vya Mali walichapisha matokeo yao: palipoondolewa matawi yenye maua ya mti huu, mbu walipungua, hasa wale majike wazee ambao ndio hueneza malaria, kwa sababu mbu hunywa utamu wa maua hayo. Kakuma ina malaria. Ningetarajia swali hilo liulizwe hapa pia.

Kifanyike nini

La kwanza, tuache kuuchukulia kila mahali sawa. Ndani ya kambi na pembeni mwa mji, ambako hakuna ewoi wa kuokoa na watu wanahitaji kuni, mathenge uvunwe kwa utaratibu. Lakini kwenye kingo za mito ambako ewoi mikubwa bado imesimama, kazi iwe ni kuutoa: kung'oa kisiki chini ya usawa wa udongo, pale machipukizi yanapoanzia, na kurudi msimu unaofuata kung'oa miche. Hiyo ni kazi ya mshahara. Kama mwaka 1982 kulikuwa na chakula cha kuwalipa watu waupande, isishindikane kuwalipa watoto wao wautoe.

La pili, wenye ekwar waulizwe kwanza. Wao wanajua mti upi ni wa nani na mto ulipita wapi kabla ya bwawa. Mradi ukipita juu ya vichwa vyao utakuwa mradi wa tatu kukosea mahali pale pale.

La tatu, maganda yasagwe. Ganda zima ni mbegu inayosafiri. Ganda lililosagwa kuwa unga ni lishe ya mifugo, na mbegu imekufa. KEFRI na wengine wamefundisha jambo hili kwa miaka. Kinachokosekana ni vinu.

La nne, serikali iamue waziwazi kuhusu wadudu. Afrika Kusini ilianza kuachia wadudu wanaokula mbegu za miti ya jamii hii miaka ya 1980. Kuleta mgeni kumla mgeni kunaogopesha, hasa kwetu tunaokumbuka kunguru walivyoletwa kula taka. Lakini uamuzi wa kisayansi hufanywa kwa majaribio na kutangazwa, ndiyo au hapana. Kuliacha suala likae mezani nako ni uamuzi, na unaupendelea mti.

Nawaandikia watu wa Pwani kwa sababu moja ya mwisho. Mathenge haupo Turkana tu. Bura, kwenye mradi wa umwagiliaji, ulipandwa miaka ya 1980 kwa ajili ya kuni, na leo umeenea Tana River, kuanzia Hola kuelekea Garsen. Mto ule ule ndio wenye misitu ya mbega mwekundu wa Tana, asiyepatikana kwingine popote duniani, na ndio unaonywesha mifugo ya Waorma na mashamba ya Wapokomo. Wafugaji na wakulima wa Tana wameshazikana kwa sababu ya njia za kufikia maji. Mti unaoziba kingo za mto katika nchi kama hiyo si suala la wataalamu wa mimea peke yao.

Nilimweleza haya mzee mmoja wa Kibajuni anayeishi Kakuma tangu alipotolewa Mombasa. Nilikuwa nikisema "huyu mgeni, huyu mgeni", bila kufikiri nazungumza na nani. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu, usiuite mgeni," akasema. "Mgeni ana kwao, na moyo wake uko huko. Mimi ni mgeni hapa mwaka wa ishirini na kitu. Mti huu hauna pa kurudi, wala hauna habari ya kurudi."

Tangu siku hiyo nimeliacha neno hilo darasani. Wanafunzi wangu wengi ni watoto wa wakimbizi, na wamekwisha kuitwa wavamizi na watu ambao walipaswa kujua zaidi. Nawafundisha hivi: mti haukuchagua kuja. Uliletwa kwa nia njema, ukaachwa bila mtu wa kuuangalia. Kosa ni la waliopanda wakaondoka, na la waliobaki wakitazama. Usipoziba ufa, wahenga walisema, utajenga ukuta. Turkana tayari inajenga ukuta. Tana River bado kuna mahali pana ufa tu, na kaunti ya Tana River inaweza kuanza na kingo za mto msimu huu wa kiangazi, kabla mvua haijashusha mbegu nyingine.